APT: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kuhesabu atomu moja moja

Haya maswali nayapata karibu kila wiki, mengine darasani hapa Mbeya, mengine kwa simu kutoka kwa walimu wa Iringa na Njombe, mengine kwa wachimbaji wa Chunya ambao wamesikia kuna mashine inayoona atomu na wanataka kujua kama itawasaidia. Nimeyaweka sehemu moja. Pale jibu linapogusa kitu nilichokieleza kwingine nitakupeleka kwa namba ya swali, usiruke.

## Mambo ya mwanzo

1. APT ni nini hasa?

Kirefu chake kwa Kiingereza ni atom probe tomography, yaani tomografia ya probu ya atomu. Unachukua kipande kidogo sana cha kitu, tuseme chuma, unakichonga mpaka kinakuwa sindano yenye ncha nyembamba kupita kiasi, halafu unakibandua atomu moja baada ya nyingine kwa umeme, na kila atomu inayotoka unaandika mambo mawili: ni ya elementi gani na ilikuwa imekaa wapi. Mwisho kompyuta inazirudisha zote mahali pake unapata picha ya pande tatu ambayo unaweza kuizungusha, kuikata, kuingia ndani yake.

Mfano wangu wa siku zote ni muhindi mkavu. Upukuchue punje moja moja, kila punje irukie kwenye mkeka, wewe andika imetua upande gani wa mkeka, imetoka ya ngapi, na ina rangi gani. Ukiwa na uvumilivu utaujenga upya muhindi wote kwa kutumia lile daftari tu, na utajua punje nyekundu zilikuwa zimejikusanya wapi. Hicho ndo kinachofanyika, ila punje zetu hazionekani kwa jicho lolote na zinatua ndani ya muda ulio chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde.

2. Si kuna hadubini za elektroni, kwanini tusitumie hizo?

Tunazitumia, tena karibu kila mara tunaanza nazo. Hadubini ya elektroni inakuonyesha mpangilio wa fuwele na kasoro zake vizuri sana, lakini picha yake mara nyingi ni kivuli cha unene wote wa sampuli, vya mbele na vya nyuma vimelaliana, na elementi nyepesi kama boroni au kaboni zikiwa chache inapata shida kuzihesabu. APT inahesabu zote, nyepesi kwa nzito, kwa pande tatu. Upande wa pili APT inaona eneo dogo mno na haikuonyeshi mpangilio wa fuwele vizuri kama mwenzake. Kwahiyo ni ndugu wawili, usiwapambanishe.

3. Inaona udogo wa kiasi gani?

Kwa kwenda chini, yaani kufuata urefu wa sindano, inaweza kutofautisha vitu vilivyoachana nanomita 0.1 mpaka 0.3 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ambayo ndo nafasi kati ya tabaka moja la atomu na lingine. Kwa upana ni kama 0.3 mpaka 0.5. Kwa wingi, inaweza kukamata elementi yenye atomu 10 tu ndani ya kila atomu milioni moja, kama kilele chake (mlima wake kwenye grafu ya uzito, yaani spektra) hakijafunikwa na kingine (swali la 15). Ncha yenyewe ina upana wa kama nanomita 100, yaani kwenye upana wa unywele mmoja unaweza kupanga ncha mia nane hivi.

4. Nani aliianzisha?

Erwin Müller, Mjerumani. Mwaka 1951 alitengeneza hadubini ya ioni za uga (uga ni mvuto wa umeme kuzunguka kitu, ioni ni atomu yenye chaji, ona swali la 6), na Oktoba 1955 akiwa Pennsylvania State University huko Marekani, yeye na mwanafunzi wake Kanwar Bahadur kutoka India wakaona atomu moja moja kwenye ncha ya tangsteni. Naomba hapo msimame kidogo, maana watu wanadhani kuona atomu ni jambo la juzi. Mwaka 1967 Müller na John Panitz wakaongeza uwezo wa kupima uzito wa atomu inayotoka, ndo probu ya atomu ikazaliwa. Upande wa pande tatu ulikuja baadaye, Oxford mwaka 1988, halafu Rouen Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mashine za kasi zenye elektrodi ndogo karibu na ncha zikaenea kuanzia miaka ya 2000.

5. Kwahiyo sampuli inaisha kabisa?

Inaisha. Sehemu iliyopimwa haipo tena duniani kama kitu kigumu, imebaki kama data. Ndo maana kama una kipande kimoja tu cha kitu adimu unaanza na vipimo visivyoharibu, APT inakuja mwisho. Ila usiogope sana, sindano nzima ya chuma yenye atomu milioni 50 haifikii hata sehemu ya trilioni moja ya gramu.

## Ndani ya mashine

6. Atomu inatokaje kwenye chuma kwa umeme tu?

Siri ni wembamba wa ncha. Umeme ukiwekwa kwenye kitu chenye ncha kali uga wake unajikusanya pale nchani. Weka volti 5,000 kwenye ncha yenye nusu kipenyo cha nanomita 50, unapata uga wa karibu volti 30 kwa kila nanomita moja. Uga wa namna hiyo unaivuta atomu ya juu kabisa, inapoteza elektroni moja au mbili, inakuwa ioni, inang'oka na kuruka. Aluminiamu inang'oka kwenye kama volti 19 kwa nanomita, chuma 33, tangsteni 57, kila elementi na ukaidi wake.

Sasa hatuweki volti zote kwa mkupuo, tungepoteza hesabu. Tunaiweka ncha karibu na kiwango cha kung'oka, halafu tunapiga mpigo mfupi wa volti au wa leza, mara laki mbili kwa sekunde kwa mfano, na tunapanga iwe kwamba katika mipigo mia moja ioni inatoka moja tu au hata chini ya hapo. Kadiri atomu zinavyotoka ncha inazidi kuwa butu, kwahiyo volti inapandishwa polepole kuifuata.

7. Inajuaje hii ni chuma na hii ni kromi?

Kwa muda wa kuruka. Kila ioni inapewa nishati kutokana na volti na chaji yake, nyepesi inawahi kufika, nzito inachelewa. Tuchukue chuma cha kawaida, uzito 56, kimepoteza elektroni mbili, volti 5,000. Ukipiga hesabu spidi inakuja kama kilomita 186 kwa sekunde, yaani ingetoka Mbeya ingefika Iringa ndani ya sekunde kama mbili. Kwenye njia ya sentimita 10 inatumia nanosekunde 540 hivi. Kromi ya uzito 52 kwenye hali hiyo hiyo inatumia kama 520. Tofauti ni nanosekunde 20, na saa za hizi mashine zinapima kwa ufasaha zaidi ya hapo.

Mahali ilipokuwa imekaa tunapajua kutokana na ilipotua kwenye detekta (sahani inayopokea ioni), na kina tunakijua kwa zamu yake ya kutoka. Rudi kwenye muhindi wa swali la 1.

8. Kwanini iwe baridi kali vile na hewa itolewe yote?

Baridi ni ya kuzifanya atomu zitulie, zisitembee juu ya ncha kabla ya kung'oka, la sivyo utaandika mahali pasipo pake. Kawaida ni Kelvini 20 mpaka 80. Kelvini 50 ni nyuzi 223 chini ya sifuri, baridi ya Uyole mwezi wa saba haigusi hapo. Hewa inatolewa kwasababu ioni ikigonga molekyuli njiani muda wake unaharibika, na hewa ikibaki inajibandika kwenye ncha. Ndani ya chemba hewa ni pungufu ya ya nje kwa zaidi ya mara trilioni kumi.

9. Leza inaingia wapi?

Kwa vitu visivyopitisha umeme vizuri. Mpigo wa volti haufiki nchani kwenye madini, kauri au meno, kwahiyo tunapasha ncha joto kidogo kwa mpigo wa leza ya urujuanimno na atomu inang'oka. Kabla ya leza hizi APT ilikuwa kazi ya metali karibu peke yake, na maswali yote ya sehemu ya mawe huko chini yasingekuwepo. Ubaya wake ni kwamba joto linachukua muda kuondoka, vilele vya spektra vinakuwa na mkia, na ukizidisha nguvu ya leza vipimo vya oksijeni vinayumba.

## Kuandaa sindano

10. Sindano inatengenezwaje?

Kwa metali za kawaida njia ya zamani bado ni nzuri. Unakata vijiti vya kama milimita 0.3 kwa 0.3, urefu sentimita moja na nusu au mbili, unakishikiza kwenye umeme, unakichovya kwenye asidi juu chini juu chini mpaka katikati panakonda kama kiuno cha nyigu na kinakatika vipande viwili. Halafu hatua ya pili, chini ya hadubini, unashika tone la asidi nyepesi kwenye kitanzi kidogo cha waya, unapitisha ncha ndani ya lile tone huku unabonyeza umeme kwa vipindi vifupi. Unaona viputo vidogo vinakimbia kutoka kwenye ncha, unabonyeza, unasubiri, unabonyeza, mpaka ncha inapotea machoni kwasababu imekuwa nyembamba kuliko mwanga unavyoweza kuionyesha. Ukiacha kuiona ndo imekuwa tayari, au ndo umeimaliza, na mkono unajifunza tofauti kwa wiki nyingi za mazoezi.

Asidi inayotumika sana ni pakloriki, na hii naomba niseme kwa herufi nzito za moyoni: usiijaribu nyuma ya nyumba. Ikichanganyika vibaya na vitu vya asili ya kaboni inalipuka. Inahitaji kabati maalum la kuvuta moshi na mtu anayeijua amesimama pembeni yako.

11. Na kama ninachotaka kuona kiko sehemu moja tu, tuseme mpaka kati ya punje mbili za chuma (zile fuwele ndogo zinazokiunda)?

Hapo unatumia FIB, mashine inayochonga kwa mwali wa ioni za galiamu huku unaangalia kwa hadubini ya elektroni. Unafukia eneo lako kwa kifuniko cha platini, unachimba pande zote, unanyanyua kipande kama kabari kwa kijisindano, unakibandika juu ya nguzo ndogo za silikoni, halafu unakichonga kwa duara mpaka kinakuwa ncha. Siku moja unaweza kupata sindano nne au tano ukiwa na mkono mzuri. Mwisho unapunguza nguvu ya mwali, kilovolti 5 au 2, kusafisha ngozi ya juu iliyoharibiwa na galiamu. Kwenye aluminiamu kuwa makini zaidi, galiamu inapenda sana kuingia kwenye mipaka ya punje zake, ndo maana siku hizi wengi wanachonga kwa baridi kali au kwa ioni za xenoni.

12. Sindano ikivunjika katikati ya kipimo?

Inavunjika sana, zoea. Ule uga wa swali la 6 unaivuta ncha nzima na sio atomu ya juu tu, kwahiyo kama kuna ufa, tundu, au mpaka dhaifu ndani, inakatika. Siku yangu ya kwanza kuangalia kipimo, nikiwa masomoni Ujerumani, vidoti vilikuwa vinaingia kwenye skrini vizuri, duara juu ya duara kama mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani, hizo duara zenyewe ni tabaka za fuwele zinavyobanduka. Tumefika volti 5,800. Ghafla ukaja mmweko mmoja mweupe wa maelfu ya ioni kwa pamoja halafu giza, hamna kidoti hata kimoja. Mwalimu wangu akaandika namba ya sindano kwenye daftari, akaweka nyingine. Data ya kabla ya mmweko haiharibiki, inatumika.

13. Nikituma sampuli nje niifunge vipi?

Ikiwa kavu kabisa, kwenye mfuko unaozibwa wenye vidonge vya kufyonza unyevu, kila kipande na jina lake limechorwa kwenye chuma chenyewe sio kwenye karatasi tu. Mimi niliwahi kutuma vipande vitatu vya chuma nimevifunga kwa tishu, msimu wa mvua, vikakaa njiani wiki mbili, vikafika vina kutu mpaka ndani ya mikwaruzo. Ilibidi nirudie miezi miwili ya kazi ya tanuru. Na andika historia ya sampuli: ilipashwa joto kiasi gani, muda gani, ikapozwa kwa maji au kwa hewa. Bila hiyo historia picha ya atomu haina cha kukuambia.

## Kusoma data

14. Kwanini mnasema atomu zote halafu mnasema nyingine zimepotea?

Kwasababu detekta haikamati zote. Mashine za zamani kidogo zilikuwa zinakamata kama asilimia 37, za karibuni zinafika kama 80. Zinazopotea ni kwa bahati tu, ioni imetua kwenye ukuta kati ya vitundu vya detekta badala ya kuingia tunduni, haichagui elementi. Kwahiyo asilimia za elementi zinabaki sahihi, lakini usimwambie mtu kwamba hapa atomu hii jirani yake ni hii hasa, huenda jirani wa kweli hakukamatwa.

15. Vilele kugongana ndo nini?

Mashine haipimi uzito peke yake, inapima uzito gawanya kwa chaji. Kwahiyo chuma cha 54 chenye chaji mbili kinasomeka 27, kromi ya 54 yenye chaji mbili inasomeka 27, na aluminiamu yenye chaji moja nayo ni 27. Watatu kwenye kiti kimoja. Vivyo hivyo silikoni ya chaji mbili na naitrojeni ya chaji moja zote ziko 14.

Dawa yake ni isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti. Chuma cha asili kina kama asilimia 91.7 ya uzito 56 na 5.8 ya uzito 54, uwiano huu haubadiliki. Kwahiyo ukihesabu 917,000 kwenye kilele cha chuma cha 56 (kwa chaji mbili kinasomeka 28), unajua kwenye 27 wanaotoka kwenye chuma ni kama 58,000, wanaozidi hapo ni wa mtu mwingine, unaendelea hivyo kwa kromi kupitia 52 yake. Nimeona tasnifu imeandikwa kuhusu vichembe vya aluminiamu kwenye chuma ambavyo havikuwepo, vilikuwa ni chuma cha 54. Hili swali la 15 ndo ningependa kila mwanafunzi alale nalo, kwasababu programu itapaka rangi chochote utakachoiambia, na picha yenye rangi nzuri inaaminika haraka mno.

16. Umbo ninaloona kwenye skrini ni la kweli?

Kwa kiasi. Kompyuta inachukulia kwamba ncha ni nusu duara laini, lakini kama ndani kuna kichembe kinachong'oka kirahisi kuliko mazingira yake, ncha inabonyea pale, na ioni za pembeni zinapinda na kutua juu ya kichembe. Kwenye picha utaona kichembe kimebanwa na atomu zimesongamana.

Angalia usongamano. Chuma kina atomu 85 hivi kwa nanomita moja ya ujazo. Ukiondoa hasara ya detekta ya swali la 14 halafu ukakuta sehemu ina 150, hiyo haiwezekani kwenye asili, ni ioni ambazo njia yake ilipinda. Na kwa vipimo vya urefu, tafuta tabaka za fuwele: kwenye chuma zile zinazoitwa 110 (namba ya mwelekeo wa tabaka ndani ya fuwele) zimeachana nanomita 0.203, kama zako zinasoma 0.25 basi rekebisha namba ambazo kompyuta inajengea picha kabla hujaandika sentensi hata moja.

17. Haidrojeni naiona kibao, nimegundua kitu?

Karibu kila mara hapana. Hata chemba iliyotolewa hewa vizuri inabaki na haidrojeni kidogo, inajibandika kwenye ncha na kutoka pamoja na atomu zako. Wanaotafuta haidrojeni kwa dhati wanaingiza diuteri, ndugu yake mwenye uzito 2, halafu wanaipoza sampuli haraka na kuisafirisha ikiwa ya baridi mpaka ndani ya mashine. Kwa njia hiyo mwaka 2017 na tena 2020 zilitoka kazi kwenye jarida la Science zikionyesha haidrojeni imenaswa na kabidi (vichembe vya metali iliyoungana na kaboni) ndani ya chuma, na pia kwenye mipaka ya punje zake. Kwa mtu anayejenga mabomba au matanki ya gesi hiyo ni habari kubwa, haidrojeni ikizurura hovyo inaifanya chuma ngumu ikatike kama biskuti.

18. Inaonyesha bondi za kikemikali?

Hapana. Atomu ikifika detekta imeshaachana na jirani zake.

19. Natumia programu gani?

Mashine nyingi zinakuja na programu ya mtengenezaji, IVAS na sasa AP Suite. Ya bure ipo, 3Depict, inafungua faili za pos (zinazotunza mahali na uzito wa kila atomu) kwenye laptopu ya kawaida. Nawashauri wadogo zangu waanze nayo kwa data ambazo watafiti wameziachia wazi, unaweza kufanya mazoezi ya mwaka mzima ukiwa Mwanjelwa bila kugusa mashine.

## Mawe, dhahabu na vitu vya kwetu

20. Mkuu mimi nina mwamba Chunya, APT inaweza kuniambia gredi, yaani una gramu ngapi za dhahabu kwa tani?

Hapana, na nakuomba usimlipe mtu yeyote anayekuambia inaweza. Piga hesabu. Mwamba wa gramu 5 kwa tani dhahabu yake ikiwa imesambaa sawasawa ndani ya pairaiti (madini ya chuma na salfa), ni kama atomu moja ya dhahabu kwa kila atomu milioni. Sindano ya atomu milioni 50 itakuwa na atomu hamsini tu za dhahabu, chini ya kile mashine inachoweza kukamata (swali la 3). Na dhahabu haisambai sawasawa hata siku moja, kwahiyo sindano itakuambia habari za pale ilipochongwa tu, sentimita moja pembeni ni dunia nyingine. Gredi ni kazi ya kusaga kilo nyingi, kuchanganya vizuri na kupeleka maabara, GST (taasisi ya jiolojia ya Tanzania) Dodoma au kwingine.

21. Sasa ina faida gani kwenye dhahabu?

Faida yake ni kujibu swali la kwanini dhahabu haitoki. Mchimbaji anasaga kwenye karasha, anapitisha zebaki, anaona amepata kidogo, halafu mwenye sainaidi anakuja kununua marudio (mchanga uliobaki baada ya zebaki) na anapata zaidi yake. Na kuna marudio ambayo hata sainaidi inashindwa. Sehemu ya dhahabu hiyo imefichwa ndani ya fuwele za pairaiti na asenopairaiti (ndugu yake mwenye aseniki), ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya elektroni mara nyingi haiioni.

APT ndo ilituonyesha inavyojificha. Kwenye asenopairaiti ya Obuasi, Ghana, watafiti wa chuo cha Curtin huko Perth, Australia walikuta sehemu nyingine dhahabu imesambaa atomu moja moja ndani ya fuwele na sehemu nyingine imejikusanya vifurushi vya nanomita chache. Mwaka 2021 wakatoa kazi nyingine kuhusu pairaiti, dhahabu imejipanga kwenye kasoro za mstari, zile sehemu ambapo fuwele imevutwa na kupinda wakati milima inasukumana. Hii ina maana kwa mtu wa karasha: aliyejifungia ndani ya fuwele hatoki kwa kusaga, lazima fuwele ivunjwe kikemikali, kwa kuchoma, kwa bakteria au kwa oksijeni ya presha. Lakini aliyekaa kwenye kasoro ana kanjia, kemikali inaweza kumfuata humo. Nikifikiria milima ya marudio iliyolala kuanzia Makongolosi kuja huku, na zebaki iliyomwagwa kutafuta kitu ambacho zebaki haiwezi kukifikia, naona hili swali lina uzito kuliko mengine yote humu.

22. Kimondo cha Mbozi je?

Kimondo chetu ni tani kama 16 za chuma, asilimia 90 hivi chuma na karibu 9 nikeli. Vimondo vya aina ya chuma vilipoa polepole sana ndani ya miili iliyovizaa angani, digrii chache au mamia kwa miaka milioni, kwahiyo nikeli ilipata muda wa kutembea na kujitenga tabaka kwa tabaka. Kwenye vimondo vya namna hiyo, pembeni ya tabaka zenye nikeli nyingi kunakuwa na visiwa vidogo vya nanomita kumi mpaka mia na kitu, na APT inahesabu nikeli ndani ya kila kisiwa, na ukubwa wa visiwa unakuambia kimondo kilipoa kwa kasi gani. Kipande cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti kinatosha kwa sindano mia, lakini tafadhali usiende Mbozi na msumeno, kile ni urithi na kinalindwa.

23. Ni kweli inapima umri wa mawe?

Inasaidia kuthibitisha. Fuwele za zirkoni zina uraniamu inayogeuka risasi kwa kasi inayojulikana. Hofu ilikuwa je kama ile risasi imehamahama, umri si utakuwa wa uongo? Mwaka 2014 zirkoni ya Jack Hills, Australia, ya miaka bilioni 4.374, ilipitishwa APT, risasi ikakutwa imejikusanya kwenye vifurushi vya nanomita kama 10, imetembea kidogo lakini haijatoka kwenye fuwele, umri ukasimama. Mwaka 2023 zirkoni iliyoletwa na Apollo 17 ikafanyiwa vilevile, Mwezi ukapewa umri wa angalau miaka bilioni 4.46.

24. Chuma cha Liganga au majembe ya wazee wetu?

Liganga, Ludewa, ni chuma chenye titaniamu na vanadiamu ndani, na vanadiamu ikiungana na kaboni inatengeneza zile kabidi ndogo za swali la 17 zinazoipa chuma nguvu. Hapo mwanafunzi wa Njombe ana mradi wa maana kabisa. Kwa majembe ya zamani ya wahunzi wa Kipangwa na Kikinga ningeanza na hadubini ya kawaida na kusugua tu, maana takataka za tanuru ndani yake zinaonekana kwa macho karibu, APT ingefuata kwa swali dogo maalum, tuseme fosforasi imekaa wapi.

25. Meno na mifupa?

Inawezekana kwa leza. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba kati ya nyuzi za enameli ya jino kuna ngozi nyembamba yenye magnesiamu ambayo asidi inaiyeyusha kwanza, ndo mlango wa jino kuoza. Majani mabichi na damu bado ni kazi ngumu, inabidi vigandishwe na kuchongwa vikiwa barafu.

## Kuifikia mashine

26. Iko wapi, na bei gani?

Tanzania hatuna. Bei ni mamilioni ya dola, bado FIB na mafundi wa kuitunza, na umeme usiokatika maana baridi na vakyumu (ule utupu wa hewa wa swali la 8) vikipotea unaanza upya. Zipo Oxford, Rouen, Düsseldorf, Sydney, Perth, Japani, Marekani sehemu kadhaa. Kituo cha Oak Ridge huko Marekani kinapokea maombi ya watafiti kutoka nchi yoyote na hakitozi hela kwa kazi itakayochapishwa wazi. Wanachoangalia ni swali lako, lina maana au halina, na umeshafanya nini kabla.

27. Niandike nini kwenye maombi?

Andika ni sehemu gani ya sampuli, elementi zipi unazitarajia, zipi zitagongana kwenye spektra na utazitenganishaje, na kwanini hadubini ya elektroni haikutosha. Weka picha ulizopata tayari. "Naomba kuona atomu za chuma changu" inarudi siku hiyohiyo. "Naomba kujua kama vanadiamu iko ndani ya kabidi au kwenye mpaka wa punje baada ya saa 4 kwenye nyuzi 600, picha za hadubini zimeambatanishwa" inasomwa.

28. Sindano yangu imetoa atomu milioni mbili tu halafu ikavunjika, niitupe data?

Usitupe. Angalia kwanza kama kitu ulichokuwa unakitafuta kimo. Mpaka wa punje mmoja ukiwa umepita ndani ya hizo milioni mbili, unaweza kuhesabu kaboni au boroni iliyojikusanya hapo kwa kila nanomita ya mraba, ukaandika na makosa ya hesabu yake. Ambacho hutaweza ni kusema vichembe viko vingapi kwa ujazo wote wa chuma chako, kwa hilo rudi swali la 11, chonga nyingine tatu.